Daftari la Zamu

Ukumbi ni wa kanisa, Burnley, kodi yake kufagia.
Kila Jumamosi saa nne tunapanga meza sita.
Nje mvua ya huku, ile ya kulalamika, haiishi wala haizidi,
na watu wanaingia wamekumbatia vitu vyao kama watoto wenye homa:
birika lisilochemsha, cherehani ya marehemu mama,
redio inayosemea sikio moja tu.
Tunatengeneza bure. Hakuna anayelipwa.

Neno hilo alilipenda kuliko wote Bwana Pickup.
(Ndiyo, jina la ukoo, kama lile gari.
Siku ya kwanza nilicheka peke yangu,
sikuwa na wa kumweleza.)

"Silipwi mimi," husema, kisha hukata.
Kwa Nafeesa, miaka kumi na tisa, aliyeunga waya wa taa ukaungika:
"Nani amekuruhusu kugusa umeme?"
Lafudhi ya Tomasz aliiigiza mbele ya wageni, kwa pua.
Na kwangu: "Wewe shika daftari, mpenzi.
Daftari halina shoti."
Mpenzi! Huku hata muuza viazi hukuita hivyo,
lakini muuza viazi hukupa na viazi.

Mikono yake, niseme haki nisije nikaulizwa,
ilikuwa inasikia.
Mzee mmoja wa Padiham alileta gramafoni
iliyonyamaza miaka thelathini. Ikaimba.
Mzee akalia, na Bwana Pickup akampa mgongo
akijifanya anatafuta fyuzi.
Hilo nililiona.
Lilinichelewesha mwaka mzima.

Tulifunika kombe mwanaharamu apite.
Hakupita.
Alivuta kiti, akaagiza chai,
akasema na kombe lenyewe tumelifunika vibaya.

Jikoni tulinong'ona, bomba tumelifungulia makusudi:
ndivyo alivyo,
mkewe alifariki,
ndani ana moyo mzuri.
Ndani wapi?
Sisi tunakaa nje yake.

Daftari halisengenyi, linahesabu.
Machi, majina kumi na saba.
Juni, kumi na mawili; Nafeesa alijikata mwenyewe,
mstari mmoja wa wino, umenyooka kama wa rula.
Oktoba, saba, na Pickup kajiandika mara mbili
kwa vile nafasi zilikuwepo.
Usiku nikaikokotoa kama hesabu ya darasa la nne:
fundi mmoja akiponya redio arobaini
na akavunja watu kumi,
salio ni nini?
Watu hawauzwi na vipuri.

Novemba nilimngoja afunge sanduku lake.
Maneno nilikuwa nimeyaandika kiganjani,
kwa Kiswahili, asiyasome.
Jasho likayafuta, nikasema yaliyobaki:

"Raymond, wiki nne usije.
Ukirudi, hakuna kumkaripia mtu.
Akikosea, mwonyeshe. Ukishindwa, basi."

"Meza hii nimeianzisha mimi."

"Najua."

"Na silipwi."

"Wala wao hawalipwi.
Ndiyo maana kuondoka hakuwagharimu kitu."

Alinitazama kama kitu kilichokataa kufunguka
na skrubu zake zote zimeshatoka.
Akavaa kofia. Ufunguo wa stoo aliuacha,
ile pasi nzuri ya kulehemu akaenda nayo. Ilikuwa yake.

Jumamosi iliyofuata mabirika matatu yalitushinda.
Tukawaambia wenyewe pole, wakachukua.
Tomasz aliunga waya kinyume, moshi ukatoka kidogo,
na sote, hata Bi Maureen mwenye chai,
tukageuza shingo mlangoni kwa mazoea.
Mlango ulikuwa mlango tu.
Tomasz akacheka. Akachomoa, akaanza upya.

Nafeesa hajarudi. Nimempelekea salamu mara mbili.

Wiki ya tano ni kesho kutwa.
Nimepiga mistari ya ukurasa mpya,
majina nane kwa wino,
na chini kabisa, kwa penseli,
Pickup.